Uzi: Dereva anasailiwa kwenye usukani. Mhadhiri wa biolojia kwa nini asisailiwe kwenye hadubini?

#1 Mleta uzi (Dodoma)

Wakuu, salaam.

Kila nafasi za wahadhiri zinapotangazwa kwenye portal ya ajira, vijana wananiandikia kuuliza namna ya kuipata ile ya biolojia. Nafundisha somo hilo katika chuo cha umma hapa kanda ya kati, na nimewahi kukaa upande wa wasaili kama mtaalamu wa fani. Chuo sitakitaja, maana ninayoyasema yanavihusu vyuo vingi. Nimeona niandike yote mahali pamoja, halafu niseme lile linalonikera, kwa sababu naamini linaweza kurekebishwa.

Kwanza ieleweke kwamba kwetu hapa ni nadra mtu kuajiriwa akiwa profesa. Profesa analelewa. Anaingia kijana mwenye shahada ya kwanza kama mkufunzi msaidizi, yule wengi mnamwita TA. Akipata uzamili anakuwa mhadhiri msaidizi, akipata uzamivu anakuwa mhadhiri. Kuanzia hapo anapanda kwa machapisho na miaka ya kukaa katika cheo, isiyopungua mitatu kila ngazi: mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Kwa hiyo ukiona leo chuo kinamwajiri TA wa miaka ishirini na mitano, jua kinamchagua profesa atakayefundisha watoto wa hao wanaosoma sasa. Tena profesa wa chuo cha umma anastaafu kwa lazima akiwa na miaka 65, wakati watumishi wengi wanaishia 60. Mkikosea kuchagua mlangoni, mtakaa na kosa hilo kwa miaka arobaini.

Na mlango wenyewe ukoje? Matangazo mengi yanataka GPA, yaani wastani wa alama za chuo, isiyopungua 3.8 kati ya 5 kwa shahada ya kwanza, na 4.0 kwa uzamili. Ukikosa hapo, mfumo unakuacha kabla binadamu hajasoma jina lako. Ukivuka, kuna usaili wa mchujo wa kuandika, halafu mahojiano. Kwenye mahojiano unaulizwa maswali, pengine unaombwa uwasilishe mada kwa slaidi.

Sasa hapo ndipo ninapouliza. Sekretarieti ya Ajira, ile inayosaili waombaji wa kazi za utumishi wa umma, ina usaili wa vitendo, na wala si jambo geni. Dereva anapewa gari aliendeshe. Mwandishi mwendesha ofisi anakalishwa kwenye kompyuta achape. Lakini mtu anayekwenda kusimamia maabara ya wanafunzi mia na zaidi, mwenye tindikali, moto, wembe na wanyama waliohifadhiwa kwa dawa, anaajiriwa bila hata mtu mmoja kumwona ameshika hadubini.

Nitoe mfano. Wahadhiri wa muda idara huwa ina nafasi ya kuwapima yenyewe. Siku moja tuliwapa waombaji wawili kazi ileile: andaa somo fupi la vitendo, sisi tutakuwa wanafunzi wako. Wa kwanza alikuwa na uzamivu na makala nzuri kwenye majarida yanayoheshimika, mambo ya jenetiki. Akaweka slaidi, akaanza moja kwa moja na lenzi ya ×40, akazungusha skrubu kubwa mpaka tukasikia kioo kinalia. Ukimpa data ya DNA anakuchambulia usiku kucha, sina shaka naye. Lakini hadubini ya kawaida hakuwa ameigusa tangu mwaka wake wa pili chuoni.

Wa pili alikuwa dada mmoja aliyewahi kufundisha sekondari upande wa Manyoni. Alikuja na kopo la maji aliyoloweka nyasi kavu kwa siku kadhaa. Taa ya hadubini tuliyompa ilikuwa imekufa. Hakuuliza nyingine, akachukua ile ya zamani yenye kioo, akaisogeza dirishani na kugeuza kioo mpaka mwanga ukapanda. Akaanza na ×4, akaja ×10. Akatuita mmoja mmoja tuchungulie. Mwenzetu akalalamika kwamba vijidudu vinakimbia, havioni vizuri. Akachambua nyuzi chache za pamba, akaziweka kwenye tone, akafunika tena. Paramesi wakakwama kati ya nyuzi, wakatulia, tukawaona wanavyopepea vinyweleo vyao. Kisha akauliza: "Nyasi zilikuwa kavu. Hawa wametoka wapi?" Akanyamaza akitusubiri tujibu.

GPA yake ya shahada ya kwanza ilikuwa 3.6. Ajira ya kudumu haipati.

Hoja yangu ni hiyo. Naomba michango.

#2 Mdau (Dar es Salaam)

Mkuu, nimekusoma, lakini hapo kwenye GPA tuwe makini. Hiyo 3.8 ndiyo ngao ya mtoto wa mkulima. Ukiilegeza na kuweka "vitendo" ambavyo alama zake ziko kichwani mwa msaili, kesho utaona mpwa wa mkubwa fulani amepata 95 ya hadubini. Namba haina shemeji.

#3 Mleta uzi

Mkuu, hoja yako ni nzito na naiheshimu. Hata uhakiki wa vyeti haukuwa mkali hivi bila sababu. Tarehe 28 Aprili 2017, hapahapa Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Anayesema utaratibu ni usumbufu mtupu amesahau tulikotoka.

Ila sikusema GPA iondolewe. Nasema isiwe peke yake. Na vitendo vinapimika kwa namba vilevile, tena kwa uwazi kuliko mahojiano ya mdomo, ambayo nayo alama zake ziko kichwani mwa msaili na hakuna anayelalamika. Karatasi ya alama inaandikwa mapema: ameanza na lenzi ndogo au kubwa? Ameandaa slaidi bila mapovu ya hewa? Ametaja tahadhari ya kemikali kabla ya kufungua chupa? Amemfanya mwanafunzi aone, au ameona yeye na kumsimulia? Wasaili watatu kila mmoja anajaza yake bila kuonyeshana. Dereva akigonga koni, koni imeanguka, hata awe mpwa wa nani. Slaidi ikipasuka imepasuka.

#4 Mdau (fundi sanifu maabara)

Naomba nichangie kama mtu wa chini. Mimi ndiye ninayeandaa praktiko kwenye chuo fulani. Kuna wahadhiri nawasoma kwenye ratiba tu. Somo la vitendo la saa tatu, mhadhiri anaingia dakika kumi, anasema "mtaendelea na fundi", anaondoka kwenda kuandika makala. Simlaumu sana, maana cheo kinapanda kwa makala, na hakuna anayepandishwa kwa kukaa maabara. Lakini mimi si mwalimu. Mwanafunzi akiniuliza kwa nini, namjibu ninachojua, na kuna siku sijui.

Wakati wa usaili hakuna anayetuuliza lolote. Tungeulizwa, tungewaambia mapema.

#5 Mleta uzi

Kaka, usijiite mtu wa chini. Ulichoandika ndicho nilichokuwa nakitafuta na sikuwa na haki ya kukisema kwa niaba yako. Naongeza kwenye pendekezo langu: fundi sanifu mwandamizi wa maabara awe mmoja wa wanaotoa alama kwenye sehemu ya vitendo. Yeye anajua nani amekunja mikono na nani ameshika kazi.

Na hapo kwenye makala umegusa mzizi. Machapisho ni lazima, chuo kisichotafiti kinageuka sekondari ndefu. Lakini tutafiti nini? Niseme kidogo kuhusu hapa kati, kwa sababu mhadhiri wa biolojia anayekuja Dodoma anakuja mahali penye mambo, si jangwani kama wanavyodhani wengine.

Mwaka 2016 watu waliugua na wengine kufa katika maeneo ya Chemba, Kondoa na Kiteto kwa sumukuvu. Kuvu aina ya Aspergillus kwenye mahindi yaliyohifadhiwa vibaya, sumu yake inaua ini. Huyo kuvu yumo kwenye mtaala wa mwaka wa kwanza kabisa. Je, mwombaji wako anaweza kumwotesha kwenye sahani ya agari, ule ute wa kuoteshea vijidudu, kwa usalama na kumwonyesha mwanafunzi wa Chemba kilichomuua jirani yake?

Kongwa utafiti wa trakoma, ugonjwa wa macho unaopofusha, umefanyika kwa miongo, kuanzia bakteria mwenyewe mpaka nzi wanaotua machoni mwa watoto. Itigi kuna vichaka vya aina yake ambavyo ukitoka hapo unavikuta tena mpakani mwa Zambia na Kongo, basi. Kondoa mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) ulianza 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa kwenye eneo lililomomonyoka ili uoto urudi. Somo zima la ikolojia liko pale, unalipanda kwa miguu. Kweleakwelea wanavamia mtama na uwele. Makutupora kuna kituo cha utafiti wa zabibu, Mpwapwa na Kongwa kuna vituo vya mifugo na malisho.

Hata mlenda. Mlenda pori wanaoula Wagogo, ule unaokaushwa na kuuzwa sokoni, ni ukoo mmoja na ufuta. Mwanafunzi amekula mlenda maisha yake yote na hajawahi kuambiwa. Mpe ua lake na ua la ufuta ayafungue pamoja kwa wembe, hatasahau uainishaji wa mimea mpaka anazeeka.

Ndiyo maana nikiwa msaili swali langu la kwanza kwa mwombaji ni hili: ukipewa wanafunzi, basi moja na siku moja, utawapeleka wapi ndani ya mkoa huu na watafanya nini wakifika? Wengi wenye GPA nzuri wanaduwaa. Wanajibu "Serengeti".

#6 Mdau (Chemba)

Mimi ni mwalimu wa biolojia sekondari ya kata. Nawaomba wazee wa vyuo mkumbuke kwamba wanafunzi wenu wengi ndio watakaokuja kuwa walimu wenzetu. Tunapokea mwalimu mpya mwenye shahada, unampa kidato cha nne waandae praktiko ya mtihani, anakuambia chuoni walikuwa watu kumi na wawili kwenye hadubini moja na yeye alikuwa anaandika tu majibu ya mwenzake. Sasa atamfundisha nani? Mimi hadubini ninayo moja, naifungia kwenye kabati la mkuu wa shule. Mwalimu akiogopa kuigusa, wanafunzi mia mbili wanamaliza shule hawajaiona.

#7 Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo kwa kazi hiyo. Umeeleza vizuri kuliko mimi. Mhadhiri mmoja asiyejua maabara anazalisha walimu mia wasiojua maabara, na kila mmoja anakwenda na hali hiyo kwenye kata yake.

Kuhusu vifaa, mambo yanaanza kusogea. Mradi wa HEET, ule wa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, unajenga maabara na kusomesha wahadhiri uzamili na uzamivu katika vyuo vya umma. Naufurahia kwa dhati. Lakini majengo mapya hayo yakikabidhiwa kwa mtu anayeingia dakika kumi, tutakuwa na vumbi jipya kwenye vifaa vipya. Ndiyo maana nasisitiza ajira sasa hivi, wakati maabara zinajengwa. Hapa jirani yetu UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, ilipoanzishwa 2007 ilipangiwa kufikia wanafunzi 40,000. Kwa ukubwa wa namna hiyo, mhadhiri mmoja wa sayansi anapita mikononi mwake vijana wengi sana kabla hajastaafu.

#8 Mdau (Mwanza)

Habari kaka. Mimi ni dada nina uzamili wa botania, GPA zote zimefika. Naomba unieleze kwa vitendo, nikiomba nifanye nini nisikwame? Mwaka jana niliachwa bila kuambiwa sababu.

#9 Mleta uzi

Dada, karibu. Sababu ya kuachwa wewe siijui, ila hizi nimeona zikiwaangusha watu wenye sifa:

Kwanza vyeti. "Statement of results" na zile karatasi za matokeo ya kidato cha nne na sita hazipokelewi. Weka vyeti halisi vya shahada pamoja na transkripti, vyeti vya sekondari na cha kuzaliwa. Ukiwa umesoma nje, shahada ithibitishwe kwanza na TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), na vya sekondari na NECTA (Baraza la Mitihani). Usisubiri tangazo litoke ndipo uanze, maana tangazo linakaa siku chache.

Majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema hivi, shahada inasema vile, kitambulisho kimeongeza jina la mume. Kama yanapishana, kamilisha kiapo au hati ya kubadili jina kisheria na uiambatishe. Hili linawakuta kina dada zaidi. Inauma kuona mtu anarudishwa mlangoni siku ya usaili, amesafiri usiku kucha.

Barua unaweza kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza, isainiwe. Ielekeze kwa Katibu, Sekretarieti ya Ajira, kama tangazo linavyosema. Umri mwisho ni miaka 45 kwa ambaye hayumo kwenye utumishi wa umma. Kama tayari ni mtumishi wa umma, barua ipite kwa mwajiri wako, usiiruke hatua hiyo.

Tangazo lisome neno kwa neno. "Biolojia" peke yake ni pana. Idara inapoomba kibali cha kuajiri, imeangalia ikama, yaani idadi ya watumishi inayotakiwa, ikaona pengo: labda mtu wa mikrobiolojia amestaafu, labda wa wadudu amehamia wizarani. Tangazo likisema botania au ikolojia ya mimea, basi barua yako ionyeshe botania kuanzia mstari wa pili, taja umefanya uainishaji wa mimea gani na wapi. Nimeona barua za kurasa mbili zinazoeleza maisha magumu ya mwombaji na hazisemi hata mmea mmoja.

Siku ya mahojiano, hata kama hakuna maabara, jibu ukiwa maabara. Ukiulizwa utafundishaje usafirishaji wa maji katika mmea, usikariri tafsiri ya kitabu. Waambie: nitakata tawi laini, nitalisimamisha kwenye maji yenye wino mwekundu tangu asubuhi, mchana wanafunzi watakata vipande vyembamba wenyewe na kuona rangi imepita wapi. Wasaili wakisikia hivyo wanainua vichwa kutoka kwenye karatasi. Nimeliona hilo mara nyingi.

Usafiri siku hizi si shida, wanaotoka Dar treni ya SGR inawaleta Dodoma, ila wewe wa Mwanza huna haja ya kupitia Dar. Usaili mwingi unafanyika hapa, kwa hiyo fika siku moja kabla. Ukitafuta malazi Ng'ong'ona au Makulu uko karibu na UDOM, ambako Sekretarieti yenyewe ina ofisi.

#10 Mdau (Dar es Salaam, yule wa #2)

Mkuu, umenisogeza nusu. Karatasi ya alama ya vitendo nakubali. Lakini yule dada wa Manyoni mwenye 3.6 unamsaidiaje bila kuvunja muundo wa utumishi? Usije ukatuambia kila chuo kijiwekee chake.

#11 Mleta uzi

Hapana mkuu, kila chuo kujiwekea chake tutarudi kule ulikokuogopa. Muundo wa utumishi wa wanataaluma ni mmoja kwa vyuo vya umma na ubaki mmoja. Ninachotaka kibadilishwe ndani yake ni vitu viwili.

Cha kwanza, kwa fani za maabara usaili wa vitendo uwe wa lazima na ubebe uzito sawa na mahojiano. Hili halihitaji sheria mpya, usaili wa vitendo upo tayari, ni kuuongezea kada.

Cha pili ni kigumu zaidi na najua kitapingwa. GPA ya shahada ya kwanza isiwe kifungo cha maisha. Mtu akipata 3.6 akiwa na miaka ishirini na mbili, pengine mwaka wa kwanza mkopo ulichelewa, pengine aliuguza mzazi, halafu akapata uzamili kwa 4.3 na uzamivu juu yake, na ana miaka ya kufundisha inayothibitika, kwa nini ile namba ya ujana iendelee kumzuia wakati ana shahada mbili za juu zaidi? Uzamivu ndio uthibitisho kwamba anaweza kutafiti. Anayefika hapo apewe nafasi ya kuingia kwenye mchujo kama wengine, akianguka aanguke kwa mtihani.

Yule dada kwa sasa anaendelea na masomo ya uzamivu, na bado anatufundishia kwa muda, malipo yakija yanakuja, yakichelewa yanachelewa. Wanafunzi wakijua kipindi ni chake wanafika kabla mlango haujafunguliwa. Nimemshauri aandike makala kuhusu mimea ya malisho ya Manyoni anayoifahamu tangu utoto, na tumeanza kukusanya sampuli pamoja.

#12 Mdau (fundi sanifu maabara)

Sampuli mkihitaji kuzikausha na kuzibandika nipeni taarifa. Nina vibanio vya mbao vya kukaushia mimea vimekaa stoo miaka, hakuna anayevitumia.

#13 Mleta uzi

Kaka, nakutumia namba sasa hivi. Tunavihitaji wiki ijayo.